TAHADHARI: Simu zinazouzwa mkononi Kariakoo

Ndugu zangu, ninawatahadharisha kuhusu vijana wanaouza simu wakiwa wamesimama, bila duka wala meza, kandokando ya Mtaa wa Msimbazi na vichochoro vyake, Kariakoo. Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi na nilidhani nimekwishahitimu, lakini Jumamosi iliyopita niliingizwa mjini upya.

Kijana mmoja alinionyesha simu ambayo maduka ya Mtaa wa Aggrey huiuza kwa zaidi ya shilingi 400,000, akasema ataiachia kwa 180,000 kwa kuwa anauguza mama yake. Simu ilikuwa nzima: niliweka laini yangu, nikampigia mke wangu, tukaongea. Nilipokwisha kumhesabia fedha, aliiomba kwa adabu ili anifungie kwenye bahasha nisije nikaibiwa njiani, na papo hapo mtu nisiyemfahamu akapaza sauti kwamba mgambo wanakuja. Nikasukumiwa bahasha iliyozungushiwa selotepu, yenye uzito uleule, tukatawanyika. Nilipoifungua kwenye kituo cha mabasi cha Gerezani nilikuta kipande cha sabuni ya mche kilichochongwa kwa kipimo cha simu, pembe zake zikiwa zimelainishwa kwa ustadi ambao, nakiri, ulinistaajabisha.

Wapo watakaosema nilipuliziwa dawa. Sikupuliziwa chochote, tamaa ya bei, pamoja na hofu ya mgambo ambao hata hawakutokea, vilitosha kabisa. Kosa langu halikuwa katika kukagua, maana nilikagua vizuri, bali katika kumrudishia mkononi kitu nilichokwisha kukikagua. Mchezo wote umejengwa juu ya tendo hilo moja, na ndiyo maana vijana hao hawakunyimi nafasi ya kuijaribu simu kadiri upendavyo.

Anayelazimika kununua simu iliyotumika aende kwenye duka linalotoa risiti, abonyeze *#06#, kisha namba ya IMEI itakayojitokeza, yaani namba ya utambulisho wa simu hiyo, aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) ya kuhakiki simu, aone kama aina ya simu atakayojibiwa ndiyo aliyoishika. Fedha zitoke mkono mmoja wakati simu iko katika mkono wa pili, na muuzaji akiiomba tena, hata kama ni kwa kuifuta vumbi tu, biashara hiyo ivunjwe hapohapo.