Mwaka mmoja baada ya gereji ya mtaa wa Unga Limited, Arusha, kunijengea upya Hilux ya baba iliyopinduka

Nimesubiri mwaka mzima ndo niandike hii, kwa sababu gari likitoka gereji kila mtu anasifia, rangi inang'aa, injini imeoshwa, unapiga picha unarushia ndugu. Subiri masika yapite ndo utajua umefanyiwa kazi au umepakwa rangi. Sasa masika yamepita, na vuli kabla yake, gari limeenda Ketumbeine na Gelai, huko vijijini Longido, zaidi ya mara thelathini likiwa na mzigo wa chumvi ya mifugo na dawa, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua.

Gari ni Hilux dabo kebini, LN106, injini 3L, ile dizeli ya 2.8 isiyo na tabo wala kompyuta. Baba alilinunua 2004 likiwa limeshatumika, akabebea ndizi na maharage kutoka Machame kushuka Moshi mjini miaka na miaka, alipofariki mama akasema lije kwangu Arusha lisaidie duka. Mwaka juzi mdogo wangu alikuwa anarudi kutoka mnadani upande wa Longido, akakwepa punda, tairi la kulia likaingia korongoni, gari likalala ubavu afu likageuka miguu juu. Yeye alivunjika mfupa wa bega, Mungu ni mwema amepona kabisa. Gari sasa, paa lilikuwa limeshuka mpaka kwenye vichwa vya siti, milango miwili haifunguki, rejeta imeingia kwenye feni, na pua yote imeangalia kushoto. Jamaa wa chuma chakavu alikuja mpaka nyumbani akataja milioni 3. Mama hakusema kitu, aliingia tu ndani, na mimi nikajua hilo gari haliuzwi.

Kabla ya hapa nilipita gereji mbili nyingine. Wa kwanza alilizunguka gari mara moja akasema wiki tatu, milioni 5, litakuwa jipya. Wa pili vilevile ila yeye alianza na mambo ya bampa kubwa, taa za juu ya paa, tairi pana, yaani gari limekunjika yeye anawaza mapambo. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia chini, na mimi nimekulia kwenye gari la mzigo, baba alikuwa anatuambia ukitaka kumjua fundi angalia anaanzia wapi.

Huyu mzee wa Unga Limited hakunitajia bei kabisa siku ya kwanza. Nilimsalimia, akaitikia, akaomba futi kamba na kijana mmoja wa kumshikia upande wa pili, wakalala chini ya gari karibu saa nzima. Walikuwa wanapima mshazari, kutoka tundu la mbele kulia la chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, mpaka tundu la nyuma kushoto, afu kinyume chake. Vipimo viwili vinatakiwa kulingana, vikipishana maana yake chesisi imekwenda upande. Ya kwetu ilipishana milimita 19. Akanionyesha na karatasi ameandika kwa penseli, akasema, "Binti yangu, hapa ndo pesa yako inapoanzia. Tukinyoosha hii ndo tutaongea habari ya paa. Ikikataa kunyooka nakwambia ukweli ukauze." Nikaacha gari hapohapo.

Kazi ya chesisi ndo sababu kubwa ya mimi kuwapa sifa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kwanza walishusha kila kitu, kebini juu ya mapipa, injini nje, bodi ya nyuma pembeni, ikabaki chesisi tupu kama mifupa ya ng'ombe. Walikuwa na nguzo za chuma zimezikwa kwenye zege, wakafunga minyororo wakavuta kwa jeki ya haidroli taratibu, wanavuta kidogo, wanaachia, wanapima, wanavuta tena, siku tatu. Nilimuuliza mbona hampigi moto iwe laini mmalize haraka, akaniambia chuma cha chesisi ukikipasha mpaka kiwe chekundu kinakunjika vizuri sana, na kesho yake kwenye shimo kitakunjika tena vizuri sana, kwa sababu umeshakiondolea nguvu yake. Mwisho wakabaki na milimita 3, na hapo akaridhika.

Palipokuwa na ufa, karibu na mkono wa springi ya mbele, alichimba ule ufa wote akauchomelea, afu akaweka kiraka. Kiraka chenyewe hakikuwa cha mraba, amekikata umbo la uru la kwenye karata, ncha zinaangalia mbele na nyuma. Sababu yake nimeielewa vizuri: ukichomelea mstari uliosimama wima kukata chesisi, mshtuko wote unajikusanya kwenye huo mstari mmoja, na safari moja ya mashimo utakuta imekatika palepale pembeni ya weldi. Kiraka chenye ncha kinagawa mzigo kidogokidogo. Na hakutoboa tundu hata moja kwenye ukingo wa juu wala wa chini wa chesisi, kila boliti mpya imepita ubavuni katikati. Kama una gari limechomelewa nenda kaangalie lako leo, kama mstari umesimama wima kama fimbo rudi ukaongee na fundi wako.

Kwenye springi na tairi tulibishana. Mimi nilitaka gari linyanyuke sana, nimeona magari ya watalii pale mjini yamesimama juu nikapenda. Tena bei rahisi ipo, unaongeza tu urefu wa zile shako za springi, vile vyuma vinavyoshikilia ncha ya springi kwenye chesisi, gari linapanda. Mzee akakataa. LN106 mbele ina ekseli nzima na springi bapa kama nyuma, ukirefusha shako upande mmoja wa springi ekseli inazunguka kidogo, pembe ya stelingi inalala vibaya, gari linaanza kuzurura barabarani, na ile lami ya Namanga yenye malori hutaki gari linalozurura. Akaweka springi mpya zenye upinde mkubwa zaidi, zimepandisha inchi 2 basi, na shokapu ndefu za kuendana nazo, na mipira ya breki akaibadilisha iwe mirefu ili ekseli ikining'inia mipira isikatike. Kitu cha mipira ya breki sidhani kama ningekifikiria mwenyewe, na ni kitu cha kuua mtu.

Tairi nilitaka pana. Akauliza unaenda wapi, nikamwambia Ketumbeine, Gelai, siku nyingine nazunguka Engare Sero. Akasema kule masika ni udongo mweusi, tairi pana linaelea juu ya tope na udongo unaligandia mpaka linakuwa kama andazi, tairi jembamba refu linakata linatafuta ardhi ngumu chini. Tukaweka 7.50R16, hizihizi za Land Cruiser za mizigo, na uzuri ukipasuka hata Longido utapata. Kutoka zile 205R16 za mwanzo difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, imepanda kama sentimita tatu na nusu, na hapo ndo unapopata nafasi ya kweli, kwa sababu springi zinanyanyua bodi lakini difu inabaki palepale mpaka ubadili tairi. Hasara zipo msidanganyike: dashibodi ikisoma 80 ukweli uko 87 au 88, kwa hiyo trafiki wa tochi ukae nao kwa hesabu, na injini ya 3L haina nguvu za kumwaga, mlima ukiwa na mzigo unashuka gia mapema kuliko zamani. Alinikatalia kwenda saizi ya juu zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Snokeli, lile bomba la hewa ya injini linalopanda mpaka paani, pia niliidhani ni ya kuogelea. Kumbe kazi yake kubwa kwa sisi wa huku ni vumbi, inavuta hewa juu usawa wa paa ambako ni safi zaidi, na filta yangu sasa inakaa muda mrefu kabla ya kujaa. Kwa maji inasaidia tu kama kila kiungio mpaka kwenye boksi la filta kimezibwa, na walinizibia mbele yangu. Kitu kingine kidogo ambacho hakikunigharimu hata elfu ishirini: vipumulio vya difu na giaboksi wameviunganisha mpira mrefu vikapandishwa mpaka chini ya boneti. Difu ikiwa ya moto ukiingia mtoni inapoa ghafla inavuta hewa ndani, kama kipumulio kiko chini inavuta maji, oili inakuwa kama chai ya maziwa na gia zinaanza kuliwa bila wewe kujua.

Bodi sina mengi. Paa walikata wakaweka la kebini nyingine iliyogongwa nyuma, milango miwili ya mtumba, maungio huyaoni labda uambiwe. Injini yenyewe haikuwa na shida kubwa, rejeta mpya, pampu ya maji, mkanda wa taimingi maana hatukujua wa zamani umetembea kilomita ngapi na 3L mkanda unabadilishwa kila kilomita laki moja. Rangi tumetoka nyeupe kwenda kijani ya jani la mgomba, nilitaka iwe hivyo kwa ajili ya baba. Ukibadili rangi ukumbuke kwenda TRA kadi isome rangi mpya.

Sasa malalamiko, na ninayo. Waliniambia wiki nane, zikawa kumi na saba. Kuna wiki tatu nzima gari halikuguswa kwa sababu walikuwa wanasubiri springi na hakuna aliyenipigia, mimi ndo napiga, naambiwa kesho dada, kesho dada. Mtu mwenye duka, anayekodi lori la Canter kila mnada kupeleka mzigo, hiyo kesho ni pesa inayotoka mfukoni kila wiki. Nilimwambia mzee uso kwa uso kwamba limeniumiza, na yeye alikubali, ila kukubali hakukunirudishia ile hela ya Canter.

La pili ni umeme. Waliita kijana wa nje afunge waya za taa na winchi, ile mashine ya kujivuta ukikwama, na kijana akaunga waya kwa kuzisokota na selotepu. Wiki ya tatu baada ya kulichukua gari natoka Longido saa mbili usiku, nimefika Oldonyosambu taa zikazima zote kwa mpigo, barabara ina malori na ng'ombe, nilitetemeka mpaka nikasimama pembeni nikaomba kimoyomoyo. Kesho yake nilirudisha gari nikiwa na hasira. Mzee alifungua mwenyewe, akatazama, akaamuru waya zote zitolewe, wakafunga upya siku mbili, kila taa na fyuzi yake na rilei yake, winchi waya nene za moja kwa moja kutoka kwenye betri, hawakunidai senti. Tangu siku hiyo umeme haujanisumbua. Ila ningekuwa kwenye kona nisingekuwa naandika hapa, kwa hiyo yeyote anayepeleka gari pale aombe kuona waya kabla hazijafunikwa.

Pesa jumla ilifika milioni 13.8. Chesisi peke yake 1.9, kebini na milango 2.2, springi na shokapu 2.1, tairi tano milioni 2, injini 1.6, bampa ya chuma na snokeli na winchi ya pauni 9,500 kwa pamoja 2.6, iliyobaki rangi na umeme. Najua kuna mtu atasema kwa hiyo hela ningeongeza kidogo ninunue jingine. Ningenunua jingine ambalo sijui chesisi yake ilipitia nini, na hili najua kila weldi iko wapi.

Mwezi wa nne mwaka huu ndo niliamini. Natoka Ketumbeine, mvua imenyesha juu milimani, korongo limejaa. Mdogo wangu alivua viatu akavuka kwa mguu kwanza na fimbo, maji magotini, chini mchanga mgumu. Tukafunga habu za tairi za mbele ili nazo zivute, foo wili nzito, gia ya pili, mguu mmoja wa mafuta bila kubadilisha, likavuka kimya kimya kama linavuka uwanja wa nyumbani. Mbele kidogo kwenye mbuga ya udongo mweusi tukazama mpaka ekseli, na hapo hata tairi jembamba lina mwisho wake. Mti hakuna, kichaka hakuna. Tukashusha upepo mpaka psi 20, tukachimba shimo tukazika tairi la akiba, waya wa winchi ukafungwa pale, dakika arobaini na kitu tukatoka. Nilipofika nyumbani nililala chini ya gari na tochi nikaangalia kile kiraka cha uru. Rangi yake haijapasuka hata uzi. Nilikaa pale chini muda mrefu kidogo namuwaza baba.

Sasa hivi tatizo ninalo moja, sili za ekseli ya mbele, oili ya difu imeanza kuchanganyika na grisi ya sivii, kile kiungio kinachozungusha tairi la mbele, na inachuruzika ndani ya ringi, ugonjwa wa hizi ekseli tangu zamani, hausababishwi na gereji. Nawapelekea hawahawa Jumanne. Jina la gereji siweki kwa sababu mzee kaniomba, ana magari saba nje yanasubiri. Ukihitaji, ingia Unga Limited uliza mzee anayenyoosha chesisi kwa minyororo, utapelekwa. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi akiwa bado hajaingia chini ya gari la mtu, na chochote atakachokuahidi kuhusu siku, zidisha mara mbili.