Koti la mvua la baiskeli kwa masika ya Malindi: tazama matundu ya hewa kabla ya namba

Koti ninalovaa ni la nailoni nyepesi, tabaka mbili na nusu: kitambaa cha nje, utando usiopitisha maji, na mpako mwembamba wa ndani unaouzuia utando usigande kwenye ngozi. Lebo imeandikwa 10,000 mara mbili. Ya kwanza ni kimo cha maji kwa milimita ambacho kitambaa kinastahimili kabla ya kupenywa. Ya pili ni gramu za mvuke zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Kwa kuzuia mvua, 10,000 inatosha hata mwezi wa Mei. Ile ya pili ndiyo inayowapoteza wanunuzi wa pwani.

Utando, uwe wa chapa ya Gore-Tex au nyingine, hautoi jasho wenyewe. Mvuke hutoka kwa sababu ndani ya koti kuna unyevu na joto zaidi kuliko nje. Ulaya, nje kukiwa na nyuzi 8, tofauti ni kubwa na mvuke unasukumwa kwa nguvu. Malindi inaponyesha ni nyuzi 25 na hewa imeshiba maji, kwa hiyo msukumo huo unabaki kama nusu tu. Hata koti la gramu 20,000 za mvuke, liwe ghali kiasi gani, litakulowesha kwa jasho ukikaza pedali. Ndiyo maana mimi nahukumu koti kwa mahali hewa inapopita: zipu za kwapani zenye urefu wa sentimita 25 hivi, na mpasuo wa mgongoni uliofunikwa kwa kitambaa na kuwekwa wavu ndani. Langu lina vyote viwili, na ndiyo sifa yake kubwa.

Tofauti utaiona vizuri njia ya Watamu. Ukitoka Malindi kwenda Gede, kusi inakupiga usoni: fungua zipu za kwapani nusu, hewa inaingia na kutokea mgongoni. Ukirudi, upepo unakusukuma kwa nyuma na hewa karibu inasimama ndani ya koti. Hapo fungua kwapa zote, shusha zipu ya mbele hadi kifuani, na ukubali matone machache. Makoti mazito ya plastiki wanayovaa watu wa bodaboda yanamfaa aliyekaa kwenye pikipiki. Anayekanyaga pedali atalowa kutoka ndani kabla hajafika mbali, na akisimama upepo ukampata na ile fulana iliyolowa, atatetemeka, hata kama ni nyuzi 22. Baridi yetu inatokana na maji na upepo. Kwa hiyo ndani vaa fulana nyepesi ya polista. Pamba inanyonya maji na haikauki upesi.

Maji mengi hayapiti kwenye kitambaa, hupita mishononi na kwenye matundu. Geuza koti ndani nje: kila mshono uwe umezibwa kwa utepe, hasa mabegani na penye kofia. Zipu ya mbele iwe na ukanda wa kitambaa nyuma yake, upana wa sentimita 2 au zaidi, na juu kidevuni kuwe na kifuniko. Mkono wa koti wenye lastiki tupu sipendekezi. Lastiki inafyonza maji na kuyapandisha hadi kwenye kiwiko. Velkro ni bora, ila mchanga wetu unaijaza, isugue kwa mswaki mkavu.

Usijaribu koti ukiwa umesimama wima. Inama kama umeshika usukani. Mikono ya koti ifunike mifupa ya vifundo vya mkono karibu na kiganja, mgongo ushuke mpaka chini ya kiuno, na tumboni kusiwe na kitambaa kilichojikusanya, maana hapo maji hutuama. Mkia mrefu ni mzuri, hasa baiskeli isiyo na madigadi, lakini hakikisha hauzibi taa ya nyuma. Rangi chagua njano au chungwa. Kwenye mvua nzito dereva wa matatu haoni koti jeusi, na hili silifanyii mjadala.

Mitumbani hupatikana makoti mazuri ya Ulaya kwa bei ndogo, ila tazama ndani kwa makini. Mpako wa ndani wa poliyurethani, aina ya plastiki, huoza kwa joto na unyevu: unanata ukiugusa, au unabanduka magamba meupe, kwanza shingoni na kwapani. Koti la hivyo liache, hakuna gundi wala dawa itakayolirudisha. Vuta zipu mara kadhaa pia. Kishikio cha chuma hushikwa na kutu kwa hewa ya chumvi. Cha plastiki kinadumu.

Kasoro ya koti langu ni mabegani. Mikanda ya mkoba inasugua ile dawa ya juu inayofanya matone yateleze, kitambaa kinalowa na kuwa kizito, na hapo hata mvuke hautoki. Utando bado haujavuja. Suluhisho: lifue kwa mkono na sabuni ya maji kidogo, usitie kilainishi cha nguo kamwe, na lisuuze mpaka povu liishe, kwa maji ya mfereji au ya mvua. Visima vingi hapa vina maji ya chumvi, na chumvi ikibaki inavuta unyevu. Likikauka kivulini, lipige pasi ya moto mdogo bila mvuke, juu yake ukiweka kitambaa. Moto huo huamsha ile dawa ya juu. Matone yakiendelea kuzama badala ya kuteleza, ndipo ununue dawa ya kupulizia.

Usilihifadhi likiwa limekunjwa ndani ya kifuko chake. Litaota ukungu na mpako utaanza kunata. Litundike kwenye hanga ya plastiki, zipu zote wazi. Zipu ikikaza, pitisha nta ya mshumaa kwenye meno yake. Mafuta ya kupikia yanakusanya mchanga.