Pawa saplai ya kompyuta ya mezani: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Kijana wa jirani aliniletea kompyuta iliyozimika ghafla akiwa katikati ya gemu. Kufungua tu kesi, harufu ya kuungua. Pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa nyekundu, lakini ukiishika ni nyepesi kama boksi tupu. Nikasoma jedwali dogo la ubavuni, mstari wa +12V: ampea 18. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. Prosesa na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kwenye mstari huo. Kijana alikuwa na chini ya nusu ya alicholipia, na ilipokufa iliondoka na madabodi, ubao mkuu wa kompyuta.

Kwa hiyo hata kabla ya jina, soma mstari wa +12V. Corsair CX650 imeandikwa ampea 54, yaani wati 648. Hizo ndizo wati za kweli.

Ya kwanza kwangu ni daraja la Gold (daraja la juu kwenye stika ya 80 PLUS, kipimo cha kutopoteza umeme) lenye dhamana ndefu: Seasonic Focus GX 750, dhamana miaka 10, au Corsair RM750e, miaka 7. Bei inauma, sikatai. Lakini pawa saplai ya namna hii utaihamishia kwenye kompyuta yako ijayo, na kama una kadi ya grafiki ya RTX 4070, ambayo Nvidia wanaipendekezea wati 650, inabaki na nafasi ya kupumua.

Ya pili ni Bronze, daraja la chini ya Gold, ya kampuni inayoeleweka, kama hiyo CX650 au MSI MAG A650BN, zote dhamana miaka 5. Mwenye RTX 4060 anatakiwa wati 550, basi hapa amefika. Wengi wetu tutanunua hii, na ni chaguo zuri kabisa.

Usidanganyike na stika ya 80 PLUS peke yake, maana inapima umeme unaopotea kuwa joto, haipimi ulinzi. Tafuta kwenye boksi herufi OVP, OCP, SCP na OTP: kinga dhidi ya volti kuzidi, mkondo kuzidi, shoti na joto. Na iwe inapokea volti 100 hadi 240 yenyewe. Zile zenye kiswichi chekundu cha 115/230 nyuma, kikiachwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, zinalipuka.

Ya tatu ni zile zinazotolewa kwenye Dell na HP za ofisini zilizotumika. Zimetengenezwa vizuri, ila wati ni chache na nyingi plagi zake haziingii kwenye madabodi ya kawaida. Nunua kwa kutengenezea mashine ya modeli ileile tu.

Zisizo na jina, usichukue hata kwa muda.

Ukishalipa, hakikisha risiti ina namba ya mfululizo ya kifaa (serial number), bila hiyo dhamana utaidai kwa shida. Na nyaya za kuchomoa za pawa saplai ya zamani usizitumie kwenye mpya, hata zikiingia vizuri: mpangilio wa pini hutofautiana, na diski yako ndiyo itakayoungua.