Krimu ya macho: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kikopo changu cha kwanza kilikuwa cha ml 15, kimepambwa kwa herufi za dhahabu. Nilikinunua Kariakoo siku chache baada ya kutimiza miaka 44. Muuzaji alinipaka kidogo nyuma ya kiganja, akasema, "Dada, wiki mbili tu, watakuuliza umefanya nini." Wiki mbili zikapita, wala hakuna aliyeuliza. Nikakigeuza nyuma na kusoma viungo: maji, gliserini, mafuta ya madini. Ile kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, iliyotangazwa kwa mbele ilikuwa mkiani kabisa, baada ya manukato. Tena hata ingekuwa ya kwanza isingenisaidia sana, maana chembe za kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi. Inakaa juu na kulainisha tu, kazi ambayo mafuta ya bei ndogo yanaifanya vilevile.

Tangu hapo nimejaribu nyingine kadhaa. Nimezipanga kwa namna ambavyo ningetumia pesa yangu leo kama ningeanza upya.

Ya kwanza: kinga ya jua

Najua umekuja kutafuta krimu ya macho, vumilia kidogo. Mji wa Nambour, Australia, watafiti walifuatilia watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu. Waliopaka kinga ya jua kila siku ngozi yao ilizeeka pole pole kuliko waliopaka walipojisikia. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Kweli, wale ni watu wa ngozi nyeupe, na sisi, weusi wa ngozi unatukinga zaidi, ndiyo maana makunyanzi yanatuchelewa. Lakini mabaka hayatuchelewi, na chini ya macho ndipo yanapopenda kukaa.

Chagua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi. Zile za zinki huwa haziwashi macho sana, ila zinakuacha kama umepakwa unga wa muhogo. Dawa yake ni zile zenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo inatokana na madini ya chuma, nayo huzuia hata mwanga wa kawaida unaochochea mabaka kwenye ngozi nyeusi. Ongeza miwani iliyoandikwa UV400, kwa sababu kukunja uso barabarani saa saba mchana nako kunachora mistari. (Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa kinga ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ukiiona inauzwa mtaani, waachie wenyewe.)

Ya pili: retinoli

Hapa ndipo penye krimu ya macho inayostahili jina. Retinoli ni jamii ya vitamini A. Ndugu yake mkali, tretinoini, aliruhusiwa Marekani mwaka 1995 kutibu mikunjo midogo ya uso, lakini huyo ni wa kuandikiwa na daktari. Retinoli ni mpole zaidi: ngozi yenyewe huibadilisha kidogo kidogo, na matokeo yanahesabiwa kwa miezi. RoC na Neutrogena wote wanazo za macho.

Mimi nilipaka jicho la kulia peke yake kwa miezi mitatu, la kushoto nikaliachia mafuta ya kawaida. Mwezi wa kwanza nilipaka usiku mbili kwa wiki, kiasi cha nusu punje ya mchele, kwa kidole cha pete, juu ya mfupa na si kwenye kope. Wiki ya tatu ngozi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Kosa langu kubwa lilikuwa kupaka mapema jioni halafu nikasimama kwenye jiko kupika chapati. Jasho likatiririka, nikajifuta kwa mkono, na chapati mbili zikaungua wakati nipo bombani nanawa jicho. Sasa napaka wakati wa kulala, tena naanza na mafuta ya kawaida, retinoli inafuata juu.

Mwisho wa mwezi wa tatu nilimwita binti yangu dirishani bila kumwambia lipi ni lipi. Akaangalia, akaguna, akaonyesha la kulia. Ile mistari midogo ya pembeni ilikuwa imelainika. Mikunjo mirefu ya kicheko iko palepale. Weusi haukupungua hata kidogo.

Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, iache. Na ununue ya tyubu au ya pampu, kwa sababu hewa na mwanga huiua nguvu. Ikiwa kwenye kopo la mdomo mpana la kioo kinachopitisha mwanga, pesa yako inavukia hewani kila unapofungua.

Ya tatu: krimu ya kawaida isiyo na manukato

Wengi wetu mistari ya asubuhi ni ukavu tu. Krimu ya macho ya CeraVe ina seramidi (mafuta yanayozuia ngozi kukauka) na niasinamidi (aina ya vitamini B3) na ni nzuri, ila linganisha bei kwa mililita na krimu ya uso isiyo na manukato. Mara nyingi ile ya uso inafanya kazi hiyohiyo kwa pesa ndogo. Vaseline nyembamba usiku nayo haina aibu. Ukianza kuona vipele vidogo vyeupe, punguza.

Ya nne: kafeini

Hii ni ya mifuko, ile sura ya umelia usiku kucha. Kafeini hubana mishipa midogo ya damu na uvimbe ukashuka kwa saa chache. The Ordinary wana ya asilimia 5, chupa ya ml 30. Inafanya kazi, lakini kijiko kilicholala kwenye friji kinaikaribia sana.

Krimu za peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, sizikatai, ila kwa bei zake ningezinunua pesa ikibaki. Za kolajeni na herufi za dhahabu nimeshasema yangu.

Weusi chini ya macho

Kabla hujatoa hela, simama dirishani na kioo, inua kidevu mwanga ukuangukie usoni. Weusi ukififia, hicho ni kivuli cha kishimo, na hakuna krimu inayojaza kishimo. Ukibaki vilevile, huenda ni rangi ya ngozi yenyewe, mara nyingi ya kurithi au ya kusugua macho kwa sababu ya mzio. Mzio tibu kwanza.

Hapo ndipo wengi hukimbilia krimu za "kung'arisha macho". Nyingine ni mkorogo uliobadilishwa kopo. Zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na klobetasoli (dawa kali ya steroidi) ndivyo vya kuogopa, na hicho cha mwisho, kikipakwa muda mrefu karibu na jicho, kinaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Ukiona krimu isiyo na orodha ya viungo, au inayoahidi weupe ndani ya siku saba, irudishe mezani. Tanzania vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, Kenya waulize la kwao, KEBS. Duka likikukatalia risiti, nenda la jirani.

Mwisho, tafuta kialama cha kopo lililofunguliwa nyuma ya tyubu. Kikiandikwa 6M, una miezi sita tangu kuifungua. Andika tarehe kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino mzito. Yangu imeandikwa 3 Februari, na kwa nusu punje ya mchele kila usiku, bado imejaa zaidi ya nusu.