Kapu la mboga la kila wiki: linalipa, au linaozea kwenye friji?

Habari zenu wapendwa, karibuni. Wengi mmeniuliza kuhusu hizi huduma za kulipia shamba mwezi mzima kabla, halafu unaletewa kapu la mboga kila wiki. Je, kwa mtu wa Dar zina maana? Jibu langu: zina maana kama siku kapu linapofika upo nyumbani na unapika. Kama kila siku unaingia saa tatu usiku umechoka, utakuwa unanunua mbolea.

Haya, tufungue. Karoti na majani yake, bitiruti, kabichi, njegere za maganda. Hizi zimetoka Mgeta, kule juu Uluguru kwenye baridi. Chini yake mchicha, majani ya maboga, nyanya, na... nyanya chungu. Tena! Kwenye kapu huchagui. Nyanya chungu zikijaa shambani, zinajaa na jikoni kwako. Umemlipa mkulima mapema, kwa hiyo msimu wake ndio msimu wako.

Sasa hapa ndipo pesa inapopotea au kupona. Usisukumize kapu zima kwenye friji. Karoti, kata majani sasa hivi, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji kwenye mzizi na karoti inalegea. Bitiruti vilevile, ila majani yake usitupe jamani, yakaange kama spinachi, kitunguu na nyanya, basi. Nyanya zikae nje, kwenye friji zinapoteza ladha. Mboga za majani usizioshe kwanza. Zifunge kwenye kitambaa kikavu cha pamba, uziweke droo ya chini. Mchicha ukinyauka njiani, na kwa joto hili la Dar utanyauka, uloweke kwenye maji baridi kama nusu saa. Unaamka.

Njegere ndizo zenye haraka kuliko zote, na watu hawajui. Zikishachumwa, sukari yake inaanza kugeuka wanga, kwa hiyo njegere ya leo na ya Alhamisi si kitu kimoja. Menya jioni hiyohiyo. Unazopika na nazi, pika. Zinazobaki, chemsha dakika mbili, tumbukiza kwenye maji ya baridi, chuja, weka friza. Umeme ukiwa wa kukatika-katika mtaani kwenu, friza usiitegemee, zipike uzile tu.

Kwa hiyo ratiba inajipanga yenyewe: mchicha na majani ya maboga siku mbili za kwanza. Majani ya maboga menya nyuzi vizuri, uyaunge kwa karanga. Kabichi isubiri, ikiwa nzima haina presha. Karoti zikizidi, tengeneza achari ya ndimu na pilipili. Na nyanya chungu... mpe jirani. Natania! Zikate, uzipike na dagaa, uchungu wake unakaa mahali pake.

Bei? Nimelinganisha na mafungu ya soko la Ilala. Kwa mchicha na nyanya, soko linashinda kwa mbali, tena unapunguziwa. Kwa njegere na bitiruti, kapu halijambo, na ubora wake nimeupenda: karoti ukiivunja inalia. Kilichoniudhi ni usafiri. Kapu linakuja mchana wa jua kali nyuma ya bodaboda, majani yameshachoka kabla hujayagusa. Waombeni walete asubuhi.

Familia ya watu watano inayopika kila siku, chukueni kapu kubwa. Mnaoishi wawili, gawaneni na jirani au ombeni la kila baada ya wiki mbili. Anayeishi peke yake na kula nje, nenda genge la mtaani, ununue fungu lako moja. Na kabla ya kulipia mwezi popote pale, muulize muuzaji swali moja: mboga zinachumwa lini? Akianza kuzungukazunguka, usitume hela.