Mgahawa wa Kithai upande wa ziwani: nimetozwa hela ya ndimu

Jamani, kama unakaa huku kwetu Mwanza, upande wa Kiseke, Buswelu au Nyamhongolo, na umeshaliona lile bango la chakula cha Kithai upande wa ziwani, usiende. Kuna kijana jikoni pale hana kosa lolote na nitamsemea huko mbele, ila kwa sasa nasema usiende, kwa sababu mimi nimetozwa hela ya ndimu. Ndimu! Elfu moja na mia tano, imeandikwa kabisa kwenye bili, mstari wake peke yake, chini ya soda.

Hiki chakula sikukijua kwa kusimuliwa. Kazi yangu ni mambo ya samaki, na miaka ya nyuma nilienda kozi ya ufugaji AIT, kile chuo kiko Pathum Thani, nje kidogo ya Bangkok, na jioni tulikuwa tunakula nje maana kule kula nje ndo maisha ya kawaida, mwanafunzi, dereva, mama na watoto wake, wote wako barabarani kwenye vistuli vya plastiki. Kitu nilichokipenda tangu mwanzo ni meza zao. Unakuta seti ya vijungu vinne, sukari, pilipili kavu ya kusaga, sosi ya samaki na siki iliyolowekwa pilipili. Mpishi anapika anavyojua, wewe unamalizia unavyotaka, na hakuna anayekukodolea macho wala kukuhesabia. Pad thai, zile tambi zao za mchele za kukaanga, inakuja na kipande cha ndimu pembeni na choroko zilizoota, mbichi, kiganja kizima, sehemu nyingine mpaka kipande cha ua la mgomba. Ndimu haiombwi. Kumletea mtu pad thai bila ndimu alafu ndimu umuuzie ni kumpa chipsi bila chumvi alafu chumvi ukaiweka kwenye bili.

Tangu nirudi nimekuwa natafuta. Mjini kati Wahindi wapo, Wachina wapo, biriani utapata, wali wa kukaanga na soya sosi utapata, lakini Kithai cha kueleweka mimi sijakiona, na huku nje ya mji ndo kabisa, huku jioni ni chipsi mayai, kitimoto, kuku wa kuchoma, ugali na sato wa kukaanga, vitu vizuri sana sivikatai, ila mtu ukishaizoea tom yum, ile supu yao kali ya ndimu na pilipili, kuna siku mwili unaidai. Kwa hiyo bango lilipowekwa nilifurahi mno, nikaliweka status, nikamwambia mume wangu hatuendi sasa hivi, tumsubiri wifi aje kutoka Magu ndo twende wote. Wifi yangu huyu ni mkubwa, namheshimu, ndiye alinilelea mtoto wakati niko kozi, na miaka yote namsimulia chakula cha kule. Nilitaka aonje.

Tumefika. Mandhari sina ubaya nayo, ziwa lile pale, mawe yale pale, upepo wa jioni mzuri. Menyu ndefu. Nikaagiza pad thai ya kamba na tom yum, alafu nikauliza kama wana sato wa kuchoma, ile ya kumpaka chumvi nyingi mwili mzima na kumjaza mchaichai tumboni, maana kule ni chakula cha kila kona. Mhudumu akasema, "Samaki hatuna dada, kuna kamba na kuku." Yaani tumekaa tunaangalia Ziwa Victoria, soko la samaki la Mwaloni Kirumba lipo, boti zinashusha samaki kila kukicha, na wewe una kamba wa friza waliotoka baharini, samaki huna.

Na hapa niseme kidogo kwa sababu ndo fani yangu. Sato wa Thailand ni huyuhuyu wa kwetu. Mwaka 1965 Akihito, wakati huo mwanamfalme wa Japani, alimpelekea Mfalme Bhumibol sato 50, wakafugwa kwenye bwawa la ikulu Bangkok, wakazaana, vifaranga wakagawiwa kwa wananchi, na leo ni samaki wa mtu wa kawaida kabisa. Hata kwetu ziwani sato kaletwa tu, miaka ya 1950, mwenyeji wa asili ni ngege. Sasa mtu unafungua mgahawa wa Kithai Mwanza, mji ambao sato anapatikana mbichi anayerukaruka, hiyo ni bahati ambayo mpishi wa nchi nyingine angeililia, na wewe hata hujui kama unayo.

Haya, chakula kimekuja. Pad thai ni spageti. Ya ngano, ile ya pakiti, imekaangwa na tomato sosi, karoti na hoho, kamba wachache juu. Yai hamna, karanga hamna, choroko hamna. Ukwaju ndo usiseme, na pad thai bila ukwaju sijui unaiita nini, kwa sababu utamu wote wa kile chakula ni ule ukali wa ukwaju ukikutana na sukari ya mnazi na chumvi ya sosi ya samaki. Tom yum yenyewe ilikuwa supu ya kuku yenye tangawizi na pilipili mbuzi. Hiki ni chakula ambacho UNESCO waliingiza ile ya kamba kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2024, mchaichai, galanga (mzizi wa jamii ya tangawizi), majani ya ndimu ya Kithai, pilipili kichaa, ndimu inakamuliwa mwishoni moto ukishazimwa ili harufu isipotee. Nikanusa lile bakuli, harufu ya mchaichai hamna. Mchaichai! Nani hapa Mwanza hana mchaichai uani kwake?

Bado nilikuwa mpole, naapa. Nilimuita yule mhudumu nikamwambia mdogo wangu naomba ndimu, labda nitaiokoa. Akaleta, nusu ndimu kavu kwenye kisahani. Tukala tulichoweza. Wifi alikula kwa heshima, nilimuona, anatafuna taratibu anasema "kizuri tu wifi, kizuri," na mimi najua anapokula kitu kizuri huwa hasemi, anakula.

Bili ikaja na ule mstari. Nikamuuliza mhudumu akasema subiri nimuite meneja. Kaja meneja, kijana wa kama miaka thelathini na kitu, simu sikioni, hajatusalimia. Watu wazima tumekaa pale, mmoja ana mvi, hakuna shikamoo wala habari zenu. Kasema, "Tatizo nini hapa?" Nikamwambia kaka sina tatizo kubwa, nauliza tu hii ndimu, kwa sababu pad thai inatakiwa ije na ndimu yake. Akasema ndimu sio sehemu ya oda. Nikamwambia basi na tambi nazo hazikuwa za mchele, na ukwaju haukuwepo, labda jikoni mngeangalia. Ndo akanijibu, na wifi anasikia, "Dada hii ndo Thai ya Mwanza, wateja wenye hela wanaipenda, ukitaka ya Thailand panda ndege."

Nilinyamaza. Sio kwamba nilikosa jibu. Nilinyamaza kwa sababu ya wifi, maana alishaanza kufungua kipochi chake anatafuta hela ailipe yeye ile ndimu ili yaishe. Mgeni wangu, dada wa mume wangu, kanyanyuka kutoka Magu anakuja kula kwangu, anataka kulipa elfu moja na mia tano ili mimi nisidhalilike. Hilo ndo limeniandikisha hapa. Chakula kibaya nimekula mara nyingi na sijawahi kuandika.

Na mtu asiniambie vitu havipatikani. Ukwaju umejaa soko kuu. Karanga zipo, mapapai mabichi ya kutwanga saladi yapo kila uwanja na hakuna anayeyagusa, choroko Kanda ya Ziwa tunalima wenyewe kwa magunia na kuziotesha ni kuloweka na kitambaa kibichi siku chache tu. Pilipili kichaa ipo. Rehani inaota. Nazi inatoka pwani kila siku. Vinavyosumbua ni vichache, tambi za mchele, sosi ya samaki na galanga, mimi mwenyewe natumiwa na ndugu yangu kutoka Dar kwa basi. Mgahawa mzima unashindwa?

Wala sidai kila kitu kiwe kama Bangkok. Pad thai yenyewe sio chakula cha mababu, ilisukumwa na serikali ya Phibun, waziri mkuu wao wa wakati huo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, walikuwa wanajenga taifa, hata jina la nchi walilibadili kutoka Siam mwaka 1939. Kwa hiyo mtu akiniwekea sangara badala ya kamba namshukuru. Akiweka dagaa wa kukaanga juu yake nampigia makofi. Kubadilisha ni sawa kabisa, ila badilisha ukiwa unajua unabadilisha nini. Tomato sosi sio kubadilisha, ni kutojali.

Sasa yule kijana wa jikoni. Tumeshatoka, tunasubiri bajaji, kaja nyuma yetu na aproni yake, kasalimia vizuri, "shikamoo mama" kwa wifi, alafu kanambia amesikia. Kumbe anajua! Anasema alijifunza kupika na mchaichai na tui la nazi, aliomba anunuliwe ukwaju na tambi za mchele, akaambiwa gharama, apike spageti, mteja wa Mwanza hajui tofauti. Hilo neno liliniuma kuliko la ndege. Hajui tofauti nani? Watu wa mji huu ukimpa sato wa jana na wa leo anakutajia kwa kuangalia jicho, leo umwambie hajui tofauti ya kitu mdomoni. Kijana anasema ukimpa taarifa mapema anaweza kukupikia mchuzi wa kijani wa maana, kwa vitu anavyonunua mwenyewe asubuhi. Kwa hiyo labda, nasema labda, ukilazimika kwenda pale, agiza mchuzi wa kijani wa kuku na uulize nani yuko jikoni. Sijauonja, namuamini tu kwa namna alivyoongea.

Hasira zikanifanya nitafute zaidi, na nimepata, huku huku Kiseke, barabara ya vumbi, hata bango hamna. Ni dada mmoja alifanya kazi jikoni kwenye hoteli Zanzibar, mpishi mkuu wao alikuwa Mthai, akarudi Mwanza kulea mama yake na sasa anapika nyumbani kwa oda. Siweki jina wala namba, hajaniruhusu, ulizeni madereva wa bajaji wanaopaki pale kituoni, wanamjua kwa "dada wa supu". Nilimpelekea sato mzima wa zaidi ya kilo. Kamtengeneza kwa mvuke na ndimu, kitunguu saumu na pilipili kichaa, mchuzi mwepesi mkali umejaa kwenye sahani, alafu saladi ya papai bichi katwanga kwenye kinu mbele yetu, wifi akauliza mbona hilo papai hulipiki, akaonja, akanyamaza. Alikula mpaka kichwa. Mwisho akaomba ndimu nyingine na yule dada akaleta kisahani kizima, kimejaa, hakusema kitu.

Ana mapungufu, nisidanganye. Anachelewa, unaweza kusubiri mpaka watoto walale. Pad thai haipiki kama hajapata tambi za mchele, ukimlazimisha anakataa, na mimi hilo namheshimu nalo. Sehemu ya kukaa ni viti vya uani, mvua ikinyesha mnahamia sebuleni kwa mama yake. Bei sio rahisi vilevile, ukijumlisha na samaki uliyemnunua inakaribiana na kule kwenye bango. Lakini unalipa ukiwa umeridhika. Mpigieni asubuhi mapema, na kama mnataka tom yum mwambieni siku moja kabla kwa sababu galanga haipo muda wote.

Kule ziwani sijui niseme nini tena. Nilianza na usiende na nikisoma nilivyoandika naona nimemuonea yule kijana, chakula chake halisi sijakila, na mandhari ile ni nzuri kweli, watoto wanacheza, familia inakaa. Lakini kila nikikumbuka mkono wa wifi ndani ya kipochi hasira inarudi palepale. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: wamwachie kijana jiko, wanunue ukwaju, watoe ule mstari wa ndimu kwenye bili, na yule meneja ajifunze kuwaamkia watu wazima. Wakifanya hivyo nitarudi na wifi na nitaandika tena kwa mkono huuhuu kwamba wamebadilika. Kabla ya hapo, hela yangu naipeleka barabara ya vumbi.