Baiskeli ya mtoto ya inchi 20, mtumba wa Japani: inafaa safari ya Mkoani hadi Konde, kisiwani Pemba?

Inafaa, ila si kama ilivyoshushwa kwenye kontena. Fremu ni madhubuti na mafundi wameizoea, kwa hiyo mzazi hana haja ya kuhangaika kutafuta nyengine. Kazi iko kwenye vilivyofungwa juu yake.

Kinachoamua zaidi ni gia. Kabla ya kulipa, hesabu meno. Yenye meno 36 mbele na 16 nyuma humsogeza mtoto kama mita 3.5 kila pedali inapozunguka mara moja. Kwenda Paje hiyo inatosha, Unguja ni tambarare. Pemba ni vilima juu ya vilima, na mtoto ataishia kuikokota. Mwambie fundi afunge friwili (gia ya nyuma) ya meno 20, mita zishuke hadi 2.8, na aangalie kama mnyororo wa zamani bado unafika. Ukibahatika kupata ya gia sita yenye meno 28 nyuma, ongeza pesa uchukue hiyo: unapata mita 2, na mlima unapandika mtoto akiwa amekaa.

Uzito ndio aibu yake. Nyingi zinapita kilo 12, na mtoto wa miaka minane ana kilo 25 hivi. Kikapu na vyuma vyake vitoke. Madigadi yabaki, hasa masika. Mzigo wa mtoto usizidi kilo mbili, nguo na kanga tu, ufungwe chini ubavuni mwa keria. Maji na spana abebe mtu mzima. Nati za keria hulegea kwa mtikisiko, zikazwe kila asubuhi.

Breki ya nyuma kwa kawaida ni ya bendi, ukanda unaobana ngoma ya gurudumu. Hupiga kelele, na tone moja la mafuta likiingia haishiki tena, basi unapotia mafuta mnyororo tumia kitambaa, usipulize. Raba za breki ya mbele zilizokauka zibadilishwe bila kujadiliana. Weka sumaku kwenye rimu: ikinata ni chuma, na chuma kikirowa breki huchelewa kushika. Kisha tazama mkono wa breki kwenye usukani, pale unapoungana na bomba. Kuna skrubu ndogo sana ambayo wengi hawaijui. Ukiikaza, mkono unasogea karibu na vidole vya mtoto; baada ya hapo waya urekebishwe upya.

Tairi yenye nyufa ubavuni haina safari, hata kama kashata zake (vinundu vinavyokanyaga barabara) ni mpya. Soma namba ya kipenyo cha rimu kwa milimita: 406 na 451 zote huitwa inchi 20, lakini haziingiliani. Valvu ya Kijapani ina kimpira chembamba ndani kinachooza kwa joto. Upepo unatoka pole pole na fundi anatafuta tundu ambalo halipo. Weka tyubu ya valvu ya gari, inaingia kwenye tundu lile lile. Jaza kwa pampu ya mkono, psi 40 zinamtosha mtoto. Mashine ya kituo cha mafuta hupasua tyubu ndogo kama hii kwa sekunde.

Ukishuka boti Mkoani, suuza chumvi kwa maji yasiyo ya bahari na utie mnyororo mafuta kabla ya kuondoka. Kusi likivuma, anzia hapo kusini uelekee Konde kaskazini, upepo ukusukume mgongoni. Wakati wa kaskazi, geuza njia.